Sauti Iliyozama Chini ya Besi

Chumba cha nyuma kilikuwa na cherehani ya mama dirishani na kompyuta ya kijana wake mlangoni, na godoro limeegemezwa ukutani ili sauti zisirukeruke. Majirani walimwita kijana huyo Injinia, nusu kwa heshima, nusu kwa kejeli. Mama alishona sare za shule, macho kwenye kitambaa, masikio kwa wanawe.

Mwenye sauti alikuwa dada yake Injinia. Madaktari walishamwambia kwamba uvimbe wa kooni lazima ukatwe, na baada ya hapo kuimba asahau. Basi akasimama mbele ya maiki, skafu shingoni, na mama akaacha kushona mpaka wimbo ukaisha. Ulikuwa wimbo wake wa mwisho. Alipomaliza akamwambia mdogo wake, "Injinia, ukiuharibu huu nitakunyonga kwa waya wako mwenyewe." Wakacheka. Mama hakucheka.

Dada akaenda kulazwa. Injinia akabaki akichanganya ngoma, kinanda, besi na sauti, hiki akikishusha, kile akikipandisha. Cherehani nayo ilinguruma kando yake, maana sare zilikuwa za watu na wenyewe walizitaka. Kila mama alipokanyaga, besi ilimpotea Injinia masikioni, naye akaiongeza. Hakuna aliyeligundua hilo, hata mama ambaye mengi hayampiti.

Yeye aliuliza tu mbona dada mtu hasikiki vizuri. Injinia akamjibu bila kugeuka kwamba asiwe na wasiwasi, yuko fundi wa kuufanyia wimbo masta, yaani kuung'arisha mwisho wa kazi, huyo ndiye atakayeipandisha sauti. Moyo wa mama ulikataa, lakini angesema nini? Yeye alijua uzi na sindano. Kompyuta ilikuwa imejaa pomoni, basi Injinia akaunganisha kila kitu kuwa wimbo mmoja, akavifuta vile vipande vya ngoma, besi na sauti ili kupata nafasi, akautuma.

Fundi akapiga simu, na mama akasikia kila neno.

"Mdogo wangu, chumvi ikishayeyuka kwenye supu, mimi naitoaje? Besi imemmeza mwimbaji. Mimi namalizia tu, sirekebishi. Nenda kaishushe, dada aje mbele, halafu uniletee."

Kijana akakata simu. Jinsi alivyoketi sakafuni, mama akaelewa kwamba hakuna cha kushusha tena. Akaondoa mguu kwenye cherehani, akamwambia auweke wimbo. Ndipo, katika ukimya ule, besi ikatoka ikitikisa vioo vya dirisha, na bintiye akasikika kama mtu anayeita kutoka nyuma ya ukuta. Injinia akaitazama cherehani, kisha akamtazama mama.

Binti aliporudi na bandeji shingoni, aliutaka wimbo hata kabla ya kuvua viatu. Injinia akaanza kusingizia kompyuta.

"Mpe dada yako asikie," mama akasema.

Dada akasogeza kiti hadi kwenye spika, akasikiliza, akaonyesha kwa kidole aongezewe. Injinia akaongeza. Besi nayo ikaongezeka.

"Kumbe hata humo ndani nanong'ona," akasema, kwa ile sauti yake mpya ya hewa tupu.

Injinia akalia kama mtoto. Dada yake hakumbembeleza. Alijifunga skafu, akaomba maji. Mama akampa, kisha akarudi kwenye cherehani, kwa kuwa sare zilikuwa bado za watu. Lakini mguu ukagoma kukanyaga.