Diski Tatu za Studio ya Kaka

Kaka yangu alipofunga studio yake ya video za harusi pale Ngamiani akahamia Mkwaja kulima ufuta, aliniachia kompyuta kuukuu ya mezani na diski mbili alizozing'oa kwenye kompyuta nyingine zilizokufa. Niliviweka nyumbani kwangu Mabawa, chini ya meza ya cherehani yangu, vikakaa.

Siku moja jirani yangu aliniuliza kama video ya harusi yake imo humo. Hakuwahi kuipata.

"Sherehe naikumbuka," alisema. "Ninachotaka ni nikahi. Wanaume walikuwa msikitini, mimi niko ndani nimefunikwa. Mpaka leo sijui nilivyoozwa."

Hata mimi nikahi yangu sikuiona. Hamu ikanishika, nikampigia kaka.

"Fungua ubavu wa kompyuta," alisema. "Utaona mkanda mpana wa waya, bapa. Huo unabeba diski mbili, ile iliyomo humo na moja ya hizo nilizong'oa. Hiyo nyingine ni ya kisasa kidogo, ina waya wake mwembamba."

Nikachomeka. Waya za umeme hazikutosha diski zote, nikachomoa ule wa kisomea CD nikautumia huo. Nilipowasha, kioo kikawa cheusi, kikaandika kwamba hakioni diski yoyote, hata ile yake ya siku zote.

"Umeiua?" jirani akauliza.

"Sijui. Ngoja."

Kaka alicheka kwenye simu. "Hizo mbili za kwenye mkanda kila moja inajiona kubwa. Tazama nyuma, pana vijipini na kikofia cha plastiki. Moja iwe kubwa, nyingine ndogo. Mchoro uko kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya diski."

Kikofia chenyewe kilikuwa kama punje ya mchele. Nilikivuta kwa kibanio cha nyusi, nikakihamishia kwenye vijipini vya pembeni kama mchoro ulivyoonyesha. Nikawasha tena. Diski zote tatu zikajitokeza, nami nikajikuta natabasamu peke yangu kama mjinga.

Harusi ilikuwa kwenye ile ndogo. Baba yake jirani, mtu ninayemjua kwa ukali, ameketi ameshikana mkono na bwana harusi. Shekhe anamtajia maneno. Baba anasema, "Nimekuozesha binti yangu," kisha sauti inamkatika. Shekhe anarudia taratibu. Baba anaanza tena, anakwama palepale. Bwana harusi anamkaza mkono, hamtazami usoni. Ndipo baba anamaliza.

Jirani alisogeza kigoda karibu na kioo. "Huyu ndiye aliyenifokea asubuhi ile kwamba nachelewa kuoga?"

Akampigia simu hapohapo. "Shikamoo, baba. Nimekuona kwenye nikahi yangu."

"Yule shekhe alikuwa anasema haraka," mzee akajibu. Kisha akauliza, "Na mimi naweza kuja kuiona?"

Alikuja baada ya swala ya alasiri, kofia mkononi. Aliwatazama wenzake kwenye video kwa furaha, akinionyesha nani ni nani. Tulipokaribia pale alipokwama, aliinama akachungulia ubavuni mwa kompyuta, akaniuliza kile kifeni kinachozunguka mle ndani kina kazi gani.

Nikamweleza, polepole, mpaka sauti yake kwenye video ilipomaliza kusema.