Kesi Asiyoshindwa Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa mwisho amefundisha falsafa chuoni mpaka ameota mvi, na kila Jumamosi huenda kuungama. Wenzake kazini humtania kwamba ndiye msomi pekee anayepiga magoti. Yeye huwajibu hoja kwa hoja na kuwashinda, maana mdomo anao. Kalelewa na mimi.

Shida ilianzia nyumbani. Mwanawe alisema mezani kwamba dini ni mambo ya kizamani. Baba yake akambana kwa maswali mbele ya mchumba wa kijana hadi akamshinda, kisha akamwita zuzu. Kijana akahama, na simu akawa hapokei.

Nikamwambia mdogo wangu, "Si umeshinda? Haya, kaa na ushindi wako."

Jumamosi akaenda kanisani kama kawaida. Aliporudi hakuvua hata koti, akaniambia twende kwa kijana.

Kijana akatufungulia mlango. "Shangazi, karibu. Baba, padri kakutuma? Mtu mwenye akili zako, kwa nini usiongee na dhamiri yako tu?"

"Mwanangu, kichwani mwangu mimi ndiye mshtakiwa, mimi wakili, mimi hakimu. Humo sijawahi kushindwa kesi. Kule kwa padri ndiko nilikojisikia nikitamka kwamba nilikudhalilisha. Nisamehe."

Hoja nyingine hakutoa. Kijana akatuwekea chai.

Kanisani haingii mpaka leo. Ila Jumamosi ndiye anayempeleka baba yake kwa gari, na humsubiri nje.