Avokado Inakula Nini Saa Hii

Hapana, hapo umekosea. Usiniambie ati kasini yangu alimwokoa cucu, nyanya yetu, kwa kumtoa jangwani amlete kwa fleti yake hapa Kamenu. Wewe hujawahi kuishi huko. Mimi cucu ndiye alinilea huko, upande wa chini wa Ruiru, kwenye mawingu hupita tu yakienda kunyeshea watu wengine.

Ubaya wake naujua kukushinda. Vumbi ilikuwa inaingia mpaka kwa chumvi. Visigino vilipasuka hadi blanketi inakwama. Hiyo udongo nyeusi ilifunguka nyufa zikameza bano zangu zote za kuchezea, na kutoka kisimani mtungi ulikuwa unanilowesha mgongo njia nzima.

Lakini mahindi ya cucu ilikauka kwa turubai siku mbili, ukiikanyaga inalia kama changarawe, na mdudu haikuiguza. Nguo ya shule nilikuwa nafua nikitoka darasani, nikimaliza chai imekauka. Mbaazi zilizaa bila kubembelezwa. Na magoti ya cucu, yenye ilimtesa akilala tu kwa dada yake kule juu kwa baridi, nyumbani haikuwa na neno. Alikuwa ananiacha nyuma tukienda kanisa.

Na maji kwetu haikuwa inamwagwa. Karai moja inaosha mboga, hiyo hiyo inaosha vyombo, halafu miguu, halafu inapelekwa kwa mti wa avokado kando ya jikoni. "Maji haimwagwi," cucu alikuwa anasema, "inatumwa." Siku moja nilikuwa na haraka ya kucheza, nikaimwaga nyuma ya choo. Cucu hakunichapa. Alinishika mkono akanisimamisha mbele ya avokado.

"Mwambie leo atalala njaa."

Nikamwambia. Jirani alikuwa ameegemea ua, mtu mzima, anacheka mpaka anajishika tumbo. "Amekusamehe, ama nikuombee?"

Barabara yote hiyo, avokado ilikuwa yetu pekee. Hata mwalimu alikuwa anapitia kwetu, ati anauliza maendeleo yangu, macho iko juu kwa matawi.

Saa hii kisima kimefunikwa, jirani aliuza akahama, na pale alikuwa anaegemea kuna ukuta wa mawe. Imebaki shamba ya cucu peke yake.

Sasa Jumapili nimeenda kumwona hapo kwa fleti. Nimempata amesimama kwa veranda, amebeba karai ya maji ya mboga, anaangalia chini. Simiti. Anageuka upande ule mwingine. Simiti.

"Cucu, si umwage tu kwa sinki," kasini anasema, bila kuinua macho kwa simu. "Hapa maji ni ya mfereji. Hatuko kule kwa vumbi."

Cucu akaniuliza mimi, polepole, "Avokado inakula nini saa hii?"

"Cucu, tuliongea," kasini akadakia. "Wiki ijayo wenye kununua wanakuja kuona shamba. Huo mti utatolewa."

Cucu aliweka karai chini, akakaa kando yake, magoti amefunga na leso kwa sababu ya baridi ya hiyo simiti.

Sasa wewe mwenye unasema aliokolewa, hebu niambie: hayo maji angemwaga wapi?