Picha ya Askari wa Mdachi

Ami yangu aliingia sebuleni kwetu mtaa wa Hail, huku ng'ambo ya bahari, baada ya sala ya Ijumaa, amekumbatia picha kubwa iliyofungwa kwa gazeti. Alikuwa ameitoa kwa mpiga picha mmoja wa mtaa wa Hamriya, na alikuwa na haraka. Alasiri ile wageni walikuwa wanakuja kumposa binti yake, naye Ami alitaka babu yake mwenyewe, marehemu, awapokee akiwa ukutani.

Gazeti lilipofunguliwa, sote tulisema mashallah. Mzee alikuwa amevaa dishdasha, kanzu nyeupe ya Kiarabu, na kilemba cha rangi rangi, na jambia la fedha kiunoni. Ami akampelekea mama yake, yaani bibi yangu, ambaye aliagana na baba yake Tabora, akavuka bahari kuja huku, na hakumwona tena.

Bibi akasogeza miwani. "Huyu nani?"

"Baba yako, mama! Humjui baba yako?"

"Uso nnaujua. Hilo tumbo mmemtia la nani? Baba yangu alikuwa mwembamba kama fito. Na jambia hajavaa hata siku moja."

"Fundi kamtengeneza kidogo tu."

"Kamzaa upya. Haya, nipe picha yangu niliyokupa."

Ami akatoa bahasha mfukoni. Ndani yake mlikuwa na picha isiyozidi kiganja, imekunjika pembe. Bibi aliipokea akanipa mimi, kwa kuwa macho yake hayafiki tena kwenye vitu vidogo. "Nisomee," akasema, kana kwamba ni barua.

Maisha yangu yote nilikuwa nimeambiwa kwamba mzee huyu aliuza asali na nta. Nikamkuta kijana amesimama wima, miguu imezungushwa vitambaa mpaka magotini, bunduki ubavuni, vifungo vya shaba vinang'aa. Kofia yake ilikuwa na kitambaa cha kufunika shingo, na mbele yake tai wa chuma amekunjua mbawa. Askari wa Mdachi, yaani Mjerumani. Tai yule alitoka nchi ya theluji, akavuka bahari, akatua juu ya paji la uso ambalo ninaliona kila asubuhi kwenye kioo changu.

Nilikuwa nimesoma kidogo habari za nchi ile. Zamani hizo, mwanajeshi kwao alikuwa juu ya mwalimu na juu ya tajiri. Ofisa akipita, watu wanampisha njia, na karani wa posta anajivunia maisha yake yote kwamba aliwahi kuvaa gwanda. Heshima hiyo waliileta mpaka Tabora, wakaivisha watoto wa watu kama nguo, na watu wakaiona kuwa hofu.

"Sokoni akipita, maneno yalikatika," bibi alisema. "Sisi wanawe alituamsha kabla ya adhana, tusimame mstari, atukague kucha. Tukidhani baba wote ndivyo walivyo."

Akavuta mtandio wake.

"Wakati wa vita vya kwanza vya dunia, yeye na askari wenzake walitumwa kukusanya nafaka. Wakaingia kijiji ambacho zamani alilishwa akiwa mgonjwa. Kizee mmoja wa kike akaung'ang'ania mfuko wake wa mtama. Baba akaamriwa auvute, akauvuta. Aliniambia haya nimeshakuwa mama wa watoto. Alisema, mkono wangu ulitii kabla moyo haujasikia amri."

Niliutazama mkono ule pichani, na nikastaajabu ni kitu gani kinachoweza kumfundisha mtu hivyo, mpaka viungo vyake viwe na bwana mwingine. Nikamwambia bibi niliyosoma: kwamba baada ya vita vya pili vya dunia, Wajerumani waliunda jeshi jipya, na askari wao sasa anafundishwa kwamba yeye ni raia kwanza, na amri ya dhuluma haimfungi.

"Anaweza kukataa?"

"Ndiyo, bibi."

"Subhanallah." Alilirudia neno hilo mara tatu, polepole. "Kumbe inawezekana."

"Ndiyo maana nikambadilisha nguo, mama," Ami alisema, sauti imeshuka. "Nilitaka kumsitiri. Leo wanakuja watu."

"Kumsitiri ni kazi ya Mola. Mimi kazi yangu ni kumwombea maghfira. Sasa niambie, nimwombee nani? Huyu wako wa jambia hajamkosea mtu."

Ami akaigeuza ile picha kubwa itazame ukuta, akachomoa picha ya Makka iliyokuwa kwenye fremu ndogo, akaibusu, akaiweka juu ya rafu ya misahafu, na mahali pake akamtia askari, akamtundika ukutani.

Wageni walifika, wakanywa kahawa, wakala halua. Baba wa kijana anayeposa aliinuka, akakaribia ukuta, akainama.

"Na huyu?"

Binti wa Ami alikuwa nyuma ya mlango na sinia mkononi.

"Babu yangu," Ami alijibu. "Alikuwa askari wa Mdachi. Alidhulumu watu."

Kwenye kona yake bibi alifungua viganja, midomo ikaanza kutembea.