Niliajiriwa kufundisha chekechea, kumbe nilitakiwa niwe wa kutishia watoto

Wakuu, heshima kwenu. Hii imenikuta mwenyewe hapa Mwanza, sijasimuliwa na mtu na sijaongeza chumvi.

Mimi ni mwanaume na nafundisha chekechea, mtaa wa Nyakato. Cheka kwanza, halafu tuendelee.

Nina cheti cha elimu ya awali, nimekisomea. Siku ya interview nilijiandaa kueleza michezo, nyimbo, namna mtoto anavyoshika herufi. Mwenye shule, mama wa makamo, hakuuliza hata kimoja. Alinipima urefu kwa macho, akataka niongee kidogo asikie sauti.

Nikasema shikamoo mama.

"Marahaba. Unaanza Jumatatu."

Nikajua kipaji kimeonekana.

Jumatatu naingia darasani, kimya. Watoto wa miaka minne wamekaa kama wako msibani. Nikamwita binti mmoja, Kabula, nimpe chaki. Akasimama, akajikojolea pale pale.

Wakuu, niliumia. Madam mwenzangu alimpeleka kumbadilisha nguo, mimi nikabaki nimeshika chaki.

Mchana mama yake akaja kumchukua. Ana genge la nyanya Mabatini. Nikamuuliza taratibu mtoto anaogopa nini.

"Anakuogopa wewe, mwalimu. Asipokula namwambia mwalimu mwanaume anakuja."

"Lakini mama, ulikuwa hunijui."

"Ndiyo maana unafaa. Baba yake anamjua, hamwogopi."

Kumbe boss, yule mama mwenye shule, alishawatangazia wazazi kwamba analeta mwanaume wa kuwanyoosha watoto. Kabla sijafika, watoto walikuwa wanalishwa na kulazwa kwa jina langu.

Ikabidi nianze upya. Nikawa nakaa chini kwenye mkeka, nawaacha wasogee wenyewe. Nikajifanya sijui kufunga kamba za viatu, wakanifundisha. Kabula alikuwa wa mwisho. Nilichora sato ubaoni, akaja kunirekebisha, eti samaki gani hana macho.

Baada ya hapo darasa likawa kelele tupu, wananipanda mgongoni. Nikasema sasa kazi imekaa.

Boss akaniita ofisini.

"Mwalimu, umelegea. Wazazi wanasema watoto hawali, hawalali, wakitajiwa wewe wanacheka. Wakiwahamisha, mimi na wewe wote tunarudi nyumbani."

Nikamwambia kutisha mtoto siwezi. Akafikiria kidogo.

"Basi uwe unanuna getini tu. Ukiingia ndani fanya unavyojua."

Nilikubali, kazi naihitaji. Ila niliona si haki kuwachanganya watoto, nikawaeleza ukweli: pale getini mwalimu anaigiza.

Sasa kila asubuhi nasimama getini nimekunja sura. Wazazi wanaridhika kabisa.

Juzi Kabula kaletwa, kang'ang'ania kitenge cha mama yake, anatetemeka mwili mzima. Mama akaniinamishia kichwa kunishukuru, akaondoka zake.

Tulipofika ndani mtoto akanivuta shati.

"Mwalimu, leo nimetetemeka vizuri?"

Nikamwambia vizuri sana. Ningesemaje?

Nilichojifunza ni kwamba mtoto wa miaka minne anaweza kuwaridhisha watu wazima watatu kwa mpigo, mama yake, boss na mimi, na kila mmoja akaamini ndiye anayemlea. Kama hapo nimemfundisha au nimemharibu, bado sijapata jibu.

Wanaume wenzangu mnaofundisha awali, nyie mnaishije na wazazi? Na wengine humu, utotoni mlikuwa mnatishiwa na nani?