Kwaresima ya Mama Fidelis

Siku yangu ya kwanza kwenye kliniki ya magonjwa ya akili niliikuta imefungwa kwa kipande cha waya. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nimetoka Dodoma kusomea uuguzi wa akili, na hospitali niliyopangiwa hapa Ifakara ilinipa chumba kimoja nyuma ya jengo la wagonjwa wa nje, jirani na stoo ya magodoro mabovu. Matroni, yaani mkuu wa wauguzi wote, aliufungua ule waya kwa mkono wake. Alikuwa mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi.

"Hapa utaletewa watu waliofungwa kamba," aliniambia. "Uwafungue kwanza, ndipo uwaulize jina."

Nikasema, "Sawa, Matroni," na moyoni nikajiuliza nimejitakia nini mimi.

Kabla ya hapo nilikuwa muuguzi wa kawaida. Nilianzia Mahenge, wodi ya wazazi, nikahamishiwa zahanati ya Idete, ambako nilishona majeraha ya majembe na kutibu malaria mpaka nikawa naota malaria. Wenzangu waliposikia naenda kusomea akili walinicheka, wakasema nitarudi naongea peke yangu. Niliwajibu kwamba angalau nitakuwa naongea na mtu mwenye akili.

Dawa tulizokuwa nazo zilikuwa chache. Kulikuwa na fenobabitoni ya kuzuia kifafa, dawa mbili tatu za waliochanganyikiwa, na diazepam, ile ambayo mji mzima uliiita valiamu. Msinielewe vibaya, diazepam ni dawa nzuri. Inatuliza mwili, inaleta usingizi, inakata degedege. Ubaya wake ni kwamba mwili unaizoea. Ukiimeza kila siku kwa muda mrefu, mwili unaacha kujituliza wenyewe, unaiachia dawa kazi hiyo. Hapo ndipo tunaposema mtu ana utegemezi wa dawa. Naona wauguzi wa leo wakisikia neno hilo wanakunja uso, wanafikiria wahuni wa vijiweni. Acheni hizo. Niliyemwona mimi alikuwa mama mcha Mungu, aliyemeza alichopewa.

Watu walimwita Mama Fidelis. Alikuwa mkulima wa mpunga kule Lumemo, na kanisani aliimba sauti ya kwanza. Fidelis, mtoto wake wa kwanza, alichukuliwa na maji ya mto wakati wa masika, akivuka kutoka shambani. Siku ya mazishi mama alilia mpaka watu wakaingiwa na hofu, na ndugu mmoja akakimbia mtaa wa Viwanja Sitini kumnunulia vidonge hivyo vya valiamu kwenye duka la dawa baridi. Akalala. Kesho yake wakampa tena. Hakuna aliyemwambia aishie lini, na duka halikudai cheti cha daktari, basi akaendelea. Mwaka ukapita, na wa pili pia. Alilima, alipika, alikwenda misa, na kila akienda kulala alimeza kidonge, baadaye viwili, kwa sababu kimoja kilikuwa hakimfanyi kitu tena.

Ikaja Kwaresima. Huku kwetu waumini hujinyima kitu wanachokipenda. Wanaume wanaacha pombe, akina mama nyama au chai ya sukari. Mama Fidelis alijipima akaona hakuna kitu anachokitegemea kama vile vidonge. Jumatano ya Majivu akavitupa vyote chooni. Hata mumewe hakumwambia, kwa kuwa mfungo hautangazwi.

Siku chache tu, usingizi ukamkimbia kabisa. Mikono ilitetemeka hadi akamwaga uji, jasho lilimtoka asubuhi na baridi, moyo ulikwenda mbio, na mlango ukibamizwa aliruka. Vijana wa mjini siku hizi wanaiita hali hiyo arosto. Yeye alidhani ni Shetani anamjaribu, akazidi kuvumilia. Ijumaa ya juma la pili, watu wamepiga magoti kwenye Njia ya Msalaba, akakakamaa, akaanguka katikati ya mabenchi, akawa anatupa mikono na miguu, povu linamtoka mdomoni.

Aliyezaliwa pande hizi anajua kilichofuata. Kifafa tunakijua tangu utotoni, hasa sisi tuliotoka Mahenge, ambako wagonjwa wake ni wengi, na tunakiogopa kupita kiasi. Watu huamini kinaambukiza kwa mate. Mtu akianguka hashikwi, na akiinuka anatengewa sahani na kikombe chake. Basi kanisa zima lilirudi nyuma, akina mama wakawafunika watoto nyuso. Mumewe peke yake ndiye aliyemshika. Alimleta hospitali kwa baiskeli, amemfunga mgongoni kwake kwa kanga ya mama mmoja ambaye alisema hataki kurudishiwa.

Wagonjwa wa kifafa walikuwa wa kliniki yangu, kwa hiyo nilikuwa nimeshashika chupa ya fenobabitoni wakati Mganga Mfawidhi, daktari mkuu wa hospitali, alipoingia. Alikuwa mtu mpole mwenye sauti ndogo. Alishampima yule mama malaria na kumkagua shingo isije ikawa homa ya uti wa mgongo, hakuona kitu.

"Aliwahi kuanguka utotoni?" akaniuliza.

"Mumewe anasema hapana, Daktari."

"Basi tusiharakishe. Mtu mzima akianguka kwa mara ya kwanza, sista, usiishie kuuliza anaumwa nini. Muulize ameacha nini."

Nikamuuliza. Mama Fidelis akageukia ukutani.

"Ni siri yangu na Mungu, nesi."

"Mungu ameshajua, mama. Niambie na mimi."

Akanong'ona, "Nimeacha vidonge vya usingizi. Nimevitoa kwa ajili ya roho ya Fidelis."

Nilitoka nje, nikasimama karibu na yale magodoro, nikalia. Sioni aibu kulisema hilo.

Daktari aliagiza arudishiwe dawa, kisha ipunguzwe kidogo kidogo. Mama akakataa katakata. Akirudia, alisema, atakuwa amemnyang'anya mwanawe sadaka aliyomtolea. Nilikaa kitandani kwake nikamwambia, "Hurudii, mama. Unaviacha polepole. Wenzako watamaliza mfungo Pasaka, wewe wako utakuwa mrefu zaidi." Akanyoosha mkono apokee kidonge.

Ilituchukua karibu mwaka. Tulikata vidonge kwa wembe, tukashuka ngazi moja, tukangoja mwili utulie, ndipo tukashuka nyingine. Akizidiwa, tulibaki palepale, hatukukimbizana. Na jinsi dawa ilivyopungua ndivyo kilio kilivyorudi. Alikuwa akipepeta mchele, mara anaacha ungo na kulia kwa sauti, kana kwamba Fidelis amezama jana. Nyumbani wakasema sasa anapata wazimu. Niliwaambia wamwache, hicho ni kilio alichozuiwa siku ya mazishi. Mavuno yaliyofuata yalimkuta hana kidonge hata kimoja, na hakuanguka tena.

Nilidhani tumeshinda. Nikaenda Lumemo kuwasalimu. Nyumba ile aliiendesha dada wa mumewe, ambaye kila mtu alimwita Shangazi Skola.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, nesi. Karibu chakula."

Wali ukaja kwenye sinia moja la wote. Mama Fidelis akaletewa wake kwenye bakuli, pale mlangoni. Mjukuu wake alipotambaa kumwelekea, Shangazi Skola alimwinua na kumgeuza. Nilieleza yote pale: kwamba hakikuwa kifafa, ni mwili uliokatiwa dawa ghafla, tena hata kifafa chenyewe hakiambukizi. Walinisikiliza kwa heshima.

"Tumekuelewa, nesi," Shangazi Skola akasema. Lile bakuli halikusogea. Nikapandisha sauti, nikawaambia maneno ambayo mgeni hapaswi kuyasema mbele ya chakula cha watu.

Mama Fidelis alinisindikiza hadi barabarani. "Usigombane nao," aliniambia. "Mimi mwenyewe ningemwona mtu ameanguka vile, ningemtengea sahani."

Akala peke yake miaka yote iliyobaki.

Sasa nimestaafu, nalima bustani ya mchicha, na mabinti wa uuguzi wanapita kuniuliza mambo. Nawaambia wakimpa mtu dawa ya usingizi, wamwambie siku hiyohiyo ataiacha lini na ataiachaje, na wamwonye asiikate ghafla, hata kwa nia njema. Hilo linafundishika. Lile la sinia sikuwahi kulifundisha likaingia, na bado linaniuma.

Mama Fidelis alikufa kwa nimonia mwishoni mwa miaka ile ya tisini. Nilikwenda kusaidia kumwosha. Shangazi Skola ndiye aliyekuwa kichwani, amekumbatia kile kichwa mapajani, machozi yanamdondokea marehemu usoni. Mate yalikuwa yamemtoka pembeni mwa mdomo. Akayafuta kwa kiganja kitupu, akainama akalaza shavu lake palepale.

Nikashindwa kujizuia. "Shangazi," nikamwambia, "hayo ndiyo yale mate."

Hakuniangalia. "Najua, nesi," akasema. "Niache nimshike."