Pete Ilipogota Mwisho

Hili sikulisikia kwa mtu. Lilinikuta mwenyewe, asubuhi, nimeshakunywa chai na akili zangu ni timamu. Ukitaka kucheka, cheka. Hata Sefu alicheka.

Sefu na mimi ni wapiga picha wa harusi, Lushoto. Kamera yake inafokasi yenyewe, inajitafutia umbali ili picha isififie. Mimi natumia lenzi ya zamani ya kufokasi kwa mkono. Ina pete ya kuzungusha: kushoto unakamata kilicho karibu, kulia kilicho mbali, na ukifika kwenye milima ya mbali kabisa pete inagota, haiendi tena. Nimeizungusha miaka mingi mpaka kidole gumba kinajua umbali wa mtu kabla sijafikiri. Sefu hunitania kwa hilo. "Picha ikitoka safi, nani atauliza vidole vyako vilihisi nini?"

Siku hiyo nilitangulia kwenye genge la Irente kuwasubiri maharusi. Unapajua? Ardhi inakatika ghafla, na chini huko ni nyika tupu. Ukungu ulikuwa mzito hata miguu yangu naiona kwa shida. Nikasimama mahali nilipodhani ni mbali na ukingo.

"Onga makeo," sauti ikanisalimia kwa Kishambaa. Alikuwa mwanamke, hatua tatu mbele yangu, amevaa sweta la kijani na kujifunga kitenge. Ajabu, pamoja na ukungu ule niliona hata uzi uliochomoka kwenye mkono wa sweta.

"Nipige moja, kaka. Sina picha hata moja."

Nilimhurumia. Nikainua kamera, kidole kikaenda chenyewe kwenye umbali wa hatua tatu. Hakuonekana, weupe tu. Nikazungusha kulia kidogo. Bado. Nikaendelea, naye akawa anajitokeza taratibu, mpaka pete ikagota mwisho. Hapo ndipo nikauona tena ule uzi wa sweta, safi kabisa.

Unanielewa? Macho yaliniambia yuko hatua tatu. Kidole kiliniambia yuko mbali kuliko vijiji vya kule chini.

"Hunioni vizuri," akasema kwa upole. "Sogea."

Niamini, mguu ulishainuka. Kilichonizuia ni kile kidole, kimekaza kwenye pete, kinakataa. Nikaurudisha mguu, nikachuchumaa, nikapapasa mbele. Nyasi, nyasi, kisha hakuna kitu. Nilipoinua uso, hakuwepo. Maharusi walipofika walinikuta nimekaa chini nimekumbatia kamera, nikasingizia baridi.

Sefu alisema lenzi imeharibika. Tukaijaribu kwenye miti, kwenye ukuta wa nyumba, kwake yeye mwenyewe. Kila kitu kilitoka safi kwa umbali wake wa kweli. Nikadhani yamekwisha.

Mwezi uliopita nilipanda Mlalo kumsalimia mama. Nilimkuta mlangoni mwa jiko, ameketi kwenye kigoda, anachambua maharage, jua limempiga usoni vizuri. Nikampa shikamoo, nikarudi nyuma hatua tatu nimpige picha. Uso wake ukawa umefifia. Nikazungusha kulia. Bado. Nikazungusha zaidi.

Pete ikagota.

Alionekana safi sasa, kila kunjo la uso. "Mbona hupigi, mwanangu?"

Niliweka kamera chini. Kule gengeni nilirudi nyuma. Hapa nako niliogopa, niliogopa kwamba mguu hautakuta ardhi, lakini nilisogea. Ardhi ilikuwepo. Nikamshika mkono. Ulikuwa wa moto, umejaa vumbi la maharage, naye akaniuliza kama ninaumwa.

Yuko hai hadi leo ninapokusimulia. Harusi zote nimemwachia Sefu, na mimi nimehamia Mlalo, nalala chumba cha pili. Mama anadhani nimefukuzwa kazi. Sijamweleza, wala ile lenzi sijamwelekezea tena.

Nawe usiridhike kwa sababu mtu wako unamwona palepale, anacheka, anachambua maharage. Macho yangu yalimwona mama hatua tatu, pete ikaniambia yuko mbali kama yule wa gengeni. Nenda kwake leo, umshike mkono.